Michezo ya watoto: tunachodhani na kilicho kweli

Dhana: Mtoto wa miaka 2 asiyecheza na wenzake hajui kuchangamana.

Waweke wawili wa umri huo kwenye mchanga. Huyu anajaza kikopo chake, yule anajaza chake, hakuna anayemsemesha mwenzake. Mara mmoja anageuza kikopo na kukigonga kitako. Kitambo kidogo, wa pili naye anageuza chake na kugonga. Kumbe alikuwa akimwona muda wote! Mtafiti wa Marekani Mildred Parten aliueleza mchezo huu wa sambamba mwaka 1932, baada ya kuwatazama watoto wa miaka 2 hadi 5 wakicheza. Kugawana kazi na kupeana majukumu kulionekana zaidi kwa wale wakubwa. Kwa hiyo mdogo akikataa kutoa kikopo chake, tusikimbilie kumwita mchoyo.

Dhana: Akishakua, kucheza peke yake ni dalili ya tatizo.

Hapa Parten ameeleweka vibaya mno, kana kwamba michezo ni ngazi na kila kidato ukishakipanda umekiacha. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba watoto wakubwa nao hucheza peke yao, ila kwa namna nyingine. Wa miaka 5 anayejenga daraja la vibao huku akijisemesha kwa sauti ya chini yuko kazini. Mwacheni amalize, jamani. Wa kuangaliwa ni yule anayezunguka pembeni mwa wenzake, anatamani kuingia na hathubutu.

Dhana: Kuigiza ni kelele tu, hakuna anachojifunza.

Msikilize wa miaka 4 aliyejifanya daktari: “Wewe mgonjwa, lala! Mgonjwa hakimbii!” Hiyo ni sheria, na wanaitii. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky alilishikilia sana jambo hili, kwamba hata mchezo wa kuigiza una sheria zake ndani. Michezo ya sheria za wazi, yenye mshindi na mshindwa, hushika kasi zaidi mtoto anapofikia umri wa shule ya msingi. Ndiyo maana wa miaka 4 akiona anashindwa hubadilisha sheria katikati ya mchezo. Kumwita mwongo ni kumwonea.

Dhana: Wakibingirishana, wanapigana.

Tazama nyuso kwanza. Wanaocheza hucheka, hupokezana kuwa juu na chini, na wakimaliza hubaki pamoja. Uso ukikunjamana, au mmoja akitafuta pa kukimbilia, hapo ingilia.