Kuhifadhi ndege ya vita si kuirejesha

Kila picha ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, inayometa angani siku hizi huja na maelezo yaleyale: ndege hii imehifadhiwa tangu Vita vya Pili vya Dunia. Mara nyingi haikuhifadhiwa. Ilianguka, ikaoza, ikachimbuliwa, kisha watu wenye ujuzi na fedha nyingi wakaijenga tena. Ni kazi kubwa na inastahili sifa zake, ila jina lake ni jingine.

Maana zenyewe hazina ugumu. Kuhifadhi ni kukizuia kitu kisiendelee kuharibika huku ukikiacha kama kilivyo, makovu na yote. Kurejesha ni kukirudisha kwenye hali yake ya wakati fulani, kwa kutoa kilichooza na kutia kipya mahali pake. Kuunda upya ni kutengeneza kingine kwa kufuata michoro ya zamani. Na kabla ya yote hayo kuna kuokoa, yaani kuizuia ndege isipelekwe kuyeyushwa. Basi, ndiyo hayo.

Mtu kutojua istilahi hakunikeri. Kinachonikera ni kuhifadhi na kurejesha kutajwa kwa pumzi moja kana kwamba ni pacha, ilhali vinavutana. Kila unaporejesha kuna kitu unakifuta, na kila unapohifadhi unakubali kuacha ubovu fulani uonekane. Huwezi kufanya vyote viwili kwa ukamilifu kwenye bati lilelile. Lazima mtu aamue.

Itazame Flak-Bait, ndege ya mabomu aina ya Martin B-26 Marauder iliyoko katika makumbusho ya anga ya Smithsonian, Marekani. Iliruka misheni 206 katika anga la Ulaya na kurudi, na ilitobolewa matundu zaidi ya 1,000. Matundu hayo yalizibwa viraka na mafundi waliokuwa na haraka, kwa kuwa ndege ilikuwa inasubiriwa kuondoka tena. Ukisogea karibu unaiona rangi imepauka na kuchunika, viraka vimetapakaa ubavuni, na puani kuna safu za mabomu madogo yaliyochorwa kuhesabu misheni. Kazi kubwa juu yake ilipoanza mwaka 2014, wahifadhi hawakushika msasa wala bomba la rangi. Lengo lao lilikuwa kusafisha, kuzuia ulikaji wa bati na kuifanya rangi ya zamani ishike isizidi kubanduka. Fundi mzuri angeweza kuifanya Flak-Bait ipendeze kama imetoka kiwandani, na akimaliza hapo, historia yote ya ile ndege ingekuwa imefagiliwa pamoja na vumbi la msasa. Viraka ndivyo ushahidi. Ukiviondoa unabaki na Marauder yoyote ile.

Makumbusho hayohayo yalikwenda njia nyingine kwa Enola Gay, ile B-29 iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Baada ya vita ilihamishwa huku na kule, ikaachwa nje kwa miaka katika kambi ya jeshi la anga ya Andrews, ndege wenye mabawa ya manyoya wakajenga viota ndani yake, na wapita njia wakang'oa vipande vya kuwekea kumbukumbu. Kazi ya kuirejesha ilianza mwaka 1984 na umma ukaiona ikiwa imeunganishwa yote mwaka 2003, bati likiwa limesuguliwa hadi kung'aa. Huko ndiko kurejesha. Waliichagua Enola Gay ya mwaka 1945 na kuirudisha ndege huko. Miaka ya Andrews ikafutwa, viota na wezi wake. Sisemi walikosea. Ndege ile inajulikana kwa siku moja tu, na kuionyesha ilivyokuwa siku hiyo ni uamuzi unaoeleweka. Lakini ni uamuzi, na wenye kuandika maelezo ya picha huuruka kama vile haukufanyika.

Jeshi la anga la Uingereza (RAF) nalo lina mfano wake. Mwaka 1942 ndege ya mabomu aina ya Halifax, namba W1048, ilipigwa katika shambulio dhidi ya Tirpitz, meli ya vita ya Ujerumani, nchini Norway, ikatua juu ya barafu ya ziwa Hoklingen na baadaye ikazama. Wapiga mbizi waliitoa mwaka 1973. Leo iko makumbusho ya RAF huko Hendon, mwili umebonyea na bati limeliwa, karibu kama ilivyotoka majini. Wapo wageni wanaouliza itatengenezwa lini. Haijasahauliwa, imeachwa hivyo kwa makusudi.

Mkanganyiko huu unaonekana zaidi tunapotaja watu. Ukiuliza ni akina nani waliohifadhi ndege za vita, utatajiwa matajiri wanaozirusha kwenye maonyesho. Paul Garber, mtunza ndege wa Smithsonian, hatajwi sana, na bila yeye Smithsonian isingekuwa na cha kugombania msasa. Vita vilipokwisha, Jenerali Henry Arnold, mkuu wa jeshi la anga la Marekani, aliagiza ndege za kila aina zitengwe kwa ajili ya makumbusho, zikiwemo zilizotekwa kwa adui. Zilikusanywa Park Ridge, Illinois, katika kiwanda kilichobaki kitupu. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 jeshi likataka kiwanda chake. Garber akatafuta uwanja Silver Hill, Maryland, akahamishia huko alichoweza, nyingine zikiwa masandukuni na nyingine zikikaa nje juani. Hakurusha hata moja. Kwa miongo mingi hakuwa na fedha za kuzirejesha pia. Alichofanya ni kukataa zisitupwe, na kituo hicho kikaja kupewa jina lake.

Ed Maloney alikuwa wa aina hiyo pia, ila hakuwa na serikali nyuma yake. Wakati Marekani ikikatakata ndege zake kwa ajili ya vyuma chakavu, yeye alikuwa akizinunua na kuziomba, na mwaka 1957 akafungua makumbusho California. Humo ndimo ilimoishia Mitsubishi Zero namba 61-120, iliyotekwa kisiwani Saipan mwaka 1944, ambayo bado inaruka kwa injini yake ya Kijapani aina ya Sakae. Zero nyingine zinazoruka zimefungwa injini za Kimarekani. Maloney alianza kwa kuokoa, na kurejesha kukaja miaka mingi baadaye, mikono na fedha zilipopatikana. Anayeandika kwamba mtu huyu "alirejesha ndege za vita" hajadanganya, ila ameruka sehemu ngumu zaidi ya maisha yake, ile ya kumshawishi mtu mwenye tanuru kwamba kitu kile si takataka.

Cole Palen alifanya vivyo hivyo kwa ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1951, uwanja wa Roosevelt Field karibu na New York ulipokuwa ukifungwa, alinunua ndege kuukuu zilizokuwa zikionyeshwa pale, na baadaye akazirusha mbele ya watazamaji huko Old Rhinebeck.

Sasa tufike kwenye kuruka, maana hapa ndipo ubishi unapokuwa mkali. Ndege inayoruka lazima ibebe mtu, na mtu huyo ana haki ya kushuka salama. Alumini iliyolala miaka 40 kwenye chumvi au matope haiaminiki, hata ikionekana nzima, kwa sababu ulikaji huingia ndani ya chuma usikoonekana. Mbao hufumuka gundi. Kwa hiyo mkaguzi wa usalama atataka bati jipya lenye hati, bolti zenye hati, ribiti zenye hati. Kadiri ndege inavyokuwa salama zaidi ndivyo inavyokuwa mpya zaidi. Hilo halina njama ndani yake; ni bei ya kuruka.

Mfano uliokomaa ni de Havilland Mosquito namba KA114. Ndege hii ya mbao ilitengenezwa Kanada, na baada ya vita ikaishia shambani, ikaoza mpaka mbao zikaporomoka. Huko New Zealand, Glyn Powell alikwisha kutengeneza kalibu za kukunjia mbao za mwili wa Mosquito, kazi iliyomla miaka. Kwa kalibu hizo, karakana ya Warren Denholm huko Ardmore ikaijenga kwa ajili ya Jerry Yagen, Mmarekani mwenye makumbusho Virginia. Iliruka Septemba 2012. Mbao ni mpya. Vilivyovuka kutoka ndege ya zamani ni vifaa vya chuma na utambulisho wake. Je, Mosquito ile ilihifadhiwa? Hapana. Kilichohifadhiwa ni ujuzi wa kuitengeneza, na kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko ndege yenyewe, kwani watu waliokuwa wakijua kukunja mbao zile walikuwa wanaisha.

Spitfire N3200 ina hadithi inayofanana. Ilidunguliwa Mei 1940 wakati wa uokoaji wa wanajeshi huko Dunkirk, ikatua ufukweni upande wa Ufaransa, mchanga ukaimeza. Ilitolewa mwaka 1986, ikaruka tena mwaka 2014 baada ya kujengwa Duxford, Uingereza, na mwaka uliofuata mmiliki wake Thomas Kaplan akaikabidhi kwa makumbusho ya vita ya Uingereza. Chuma kilicholala mchangani karibu nusu karne hakirudi angani hivihivi. Ilhali kisheria na kwa wapenzi wa ndege hiyo ni N3200 ileile, kwa kuwa utambulisho wake haukukatika. Mafundi wenyewe hutania kwamba unaanza na kibati cha namba ya kiwandani halafu unajenga ndege kukizunguka. Utani huo una ukweli mwingi kuliko vijitabu vya maonyesho.

Kurejesha kuna digrii zake, lakini. Ndege ya kivita ya Marekani aina ya P-38 Lightning inayoitwa Glacier Girl ilitua kwa dharura juu ya barafu ya Greenland tarehe 15 Julai 1942, na mwaka 1992 ikatolewa kipande kwa kipande kutoka kina cha mita 80 na ushei, ikiwa imebanwa na kupinda. Roy Shoffner, mfanyabiashara wa Kentucky, akagharimia kazi ya miaka kumi hadi ikaruka mwaka 2002. Upande wa pili kuna Kee Bird, B-29 iliyokuwa imekaa Greenland hiyohiyo tangu 1947. Timu ya rubani Darryl Greenamyer ilifunga injini nyingine, ikaiwasha mwaka 1995 ili iondoke kwa mabawa yake, na kabla haijapaa ikashika moto na kuteketea. Ilikuwa imedumu miaka 48 bila kuguswa na mtu.

Ipo pia ndege isiyotoshea kwenye kisanduku chochote kati ya hivi, nami sina haja ya kuilazimisha. Lancaster PA474 ya kikosi cha kumbukumbu cha RAF, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1957 kwa juhudi za Peter Thompson, haikuwahi kuzikwa wala kuuzwa chakavu. Ilitengenezwa mwaka 1945. Miaka ya tisini walibadilisha mhimili mkuu wa bawa kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa unafikia kikomo cha saa zake. Hiyo ni matunzo, kazi ambayo haimpi mtu jina gazetini.

Nimalizie na ndege iliyowahi kunifanya nicheke. Mafundi wa kujitolea kaskazini mwa Uingereza walijenga Sopwith Triplane, ndege ya mwaka 1916, kwa michoro ya asili, kwa ajili ya mkusanyiko wa Shuttleworth, ule uliotokana na ndege za Richard Shuttleworth aliyefia mafunzoni mwaka 1940, mama yake akaanzisha mfuko kwa kumbukumbu yake. Kwa vipimo vyangu vya hapo juu, hiyo ni kuunda upya, haina mjadala. Lakini Thomas Sopwith mwenyewe alikuwa bado hai, mzee wa karibu miaka 100. Alipoona ubora wa kazi alisema ile si nakala. Ni Triplane iliyochelewa kutoka kiwandani, akaipa namba inayofuata katika orodha yake. Mwenye kiwanda akishasema hivyo, mimi ni nani.

Hata hivyo ukiweka picha yake usiandike "imehifadhiwa tangu Vita vya Kwanza". Andika iliundwa kwa michoro ya Sopwith na kwa baraka zake. Na ukiwa na picha ya N3200, "imerejeshwa" inatosha. Neno "imehifadhiwa" liwekee Flak-Bait na ile Halifax ya ziwani, hata kama picha zao hazipendezi.