Uchaguzi mdogo katika ngome ya chama

Uchaguzi mdogo ni ule wa jimbo moja tu, unaofanyika katikati ya muhula kwa sababu kiti cha ubunge kimebaki wazi. Ngome nayo ni jimbo ambalo chama kimoja hushinda kwa kishindo kila mara, hata wapinzani huweka mgombea ili jina la chama lisikosekane kwenye karatasi ya kura. Kazi yenyewe huko huwa ni kura za maoni, yaani kumchagua mgombea ndani ya chama. Ukipita hapo, umeshakuwa mbunge.

Ndivyo inavyokuwa kwenye uchaguzi mkuu. Kwenye uchaguzi mdogo, aghalabu serikali haibadiliki kwa kiti kimoja, kwa hiyo mpiga kura anaweza kukichapa chama chake bila hofu ya kuamka na waziri mkuu asiyemtaka. Au hamchapi mtu, anakaa tu nyumbani.

Hilo la kukaa nyumbani ndilo watu husahau. Chukua North Shropshire, Uingereza. Mwaka 2019 chama cha Conservative kilipata kura 35,444 na kumwacha mshindi wa pili, Labour, kwa kura 22,949. Mbunge wake, Owen Paterson, akaachia ngazi mwaka 2021 baada ya kashfa ya kuzitetea kampuni zilizokuwa zikimlipa. (Kisheria mbunge wa Uingereza hawezi kujiuzulu, huomba cheo cha jina tu cha ufalme, na cheo hicho ndicho kinachomwondoa bungeni.) Desemba hiyo Helen Morgan wa Liberal Democrats, aliyeshika nafasi ya tatu mwaka 2019, alishinda kwa kura 17,957 dhidi ya 12,032.

Piga hesabu. Conservative walipungukiwa kura zaidi ya 23,000, lakini Morgan aliongeza kama 12,300 tu, na sehemu ya hizo bila shaka ilitoka kwa Labour, ambao kura zao nao ziliporomoka. Nyingi kati ya zilizobaki hazikwenda kwa mpinzani yeyote. Ngome ilianguka kwa sababu walinzi wengi hawakutokea.

Ndiyo maana tofauti ya kura peke yake hudanganya. Waliojitokeza wakipungua nusu, chama kinaweza kubaki na asilimia ileile huku tofauti ikishuka nusu, na magazeti yakaandika kwamba kimeporomoka. Tazama asilimia kwanza.

Viti vilivyonyakuliwa namna hii mara nyingi hurudi kwa wenyewe uchaguzi mkuu ukifika. Lakini Morgan alikitetea chake mwaka 2024, akabaki nacho.