Je, wajua kwa nini utosi wa mtoto mchanga hupwita?

Mvue kofia mtoto wa wiki mbili, umtazame juu ya kichwa, nyuma kidogo ya paji la uso. Utaona pahali palaini penye pembe nne, panapanda na kushuka taratibu. Hapa Tanga wengi hupaona siku ya ubatizo: mama wa ubatizo anavua kofia, mchungaji anachota maji, na bibi aliyekaa benchi la mbele hawezi kunyamaza. "Taratibu, Mchungaji, utosi huo!"

Bibi ana sababu, kwa kuwa pale hapana mfupa. Chini ya ngozi kuna utando mgumu, kisha ubongo. Moyo ukisukuma damu kichwani, msukumo unafika mpaka juu, na kwa kuwa hakuna mfupa wa kuuzuia, tunauona kwa macho. Mtoto hapumulii utosini, kama wengine wanavyodhani. Ni mapigo ya moyo wake. Maji ya ubatizo hayamdhuru, wala kumwosha kichwa kwa mkono mwepesi.

Lakini kwa nini pawe wazi? Jibu lake linaanzia tumboni.

Mhubiri 11:5 inasema hatujui jinsi mifupa ikuavyo tumboni mwa mja mzito, na vivyo hivyo hatuijui kazi ya Mungu. Tangu aya hiyo iandikwe madaktari wamegundua mengi, na mimi kila ninaposoma walichogundua, namshukuru Mungu zaidi. (Wiki ninazotaja hapa zinahesabiwa tangu mimba kutungwa. Kliniki huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo kadi ya mama itaonyesha wiki mbili zaidi.)

Wiki ya 4 mtoto hana mfupa hata mmoja. Vichipukizi vya mikono hutokeza ubavuni, na siku mbili tatu baadaye vya miguu. Kwenye wiki ya 6 kiganja bado ni bapa kama kasia. Kisha seli zilizo katikati ya vidole hufa kwa mpangilio, vidole vinaachana, na wiki ya 8 ikifika vinahesabika. Hakuna anayevichonga kwa nje. Mama mwenyewe huenda bado anasumbuliwa na kichefuchefu.

Mifupa mingi huanza kama gegedu, kile kitu kigumu kinachopindika unachokishika sikioni mwako. Mishipa ya damu hupenya ndani yake, seli za kujenga mfupa huingia, na madini ya kalsiamu hupangwa kidogo kidogo. Mtulinga, mfupa huu wa chini ya shingo unaofika begani, hutangulia wote kuanza kuwa mfupa, kwenye wiki ya 7 hivi, na ndio unaochelewa kuliko wote kukomaa, mpaka mtu amepita miaka 20.

Kalsiamu hiyo yote hutoka kwa mama. Mtoto anayezaliwa kwa wakati wake huwa na gramu 30 hivi mwilini, na nyingi ameipata katika miezi mitatu ya mwisho. Matumbo ya mama mjamzito huongeza nguvu ya kuinyonya kutoka kwenye chakula karibu mara mbili, lakini hayawezi kunyonya kisichokuwepo. Kwa hiyo jamani, mkoa wetu una maziwa na una bahari: mjamzito anywe maziwa au mtindi, ale dagaa wanaotafunwa pamoja na miba yao, na vidonge vya kliniki asiviache kabatini. Hata yale mateke ya usiku yana kazi, maana viungo na mifupa huhitaji kuchezeshwa ili ijijenge vizuri.

Mifupa ya juu ya kichwa haipiti njia ya gegedu. Hukua moja kwa moja ndani ya utando, kila kipande kikianzia pake: paji la uso, pande mbili za juu, kisogo. Mtoto akizaliwa vipande hivyo bado havijaungana, na panapokutana pembe zake ndipo palipo utosi. Wakati wa uchungu hupandiana kidogo ili kichwa kipite kwenye nyonga ya mama. Ndiyo maana wengine huzaliwa na kichwa kilichochongoka. Hakuna haja ya kukikanda. Kwa kawaida kinajirudi chenyewe baada ya siku chache. Halafu kuna ubongo. Siku ya kuzaliwa una robo hivi ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na ndani ya mwaka mmoja huongezeka zaidi ya maradufu. Kichwa kilichofungwa mapema kingeuweka wapi?

Zaburi 139 inasema, "Macho yako yaliniona kabla sijakamilika." Naamini aliyekiumba kichwa aliijua njia kitakayopita, na nafasi ile aliiacha kwa makusudi.

Wapo wanaozaliwa na nyayo zilizopindia ndani, na hapo maneno ya mtaani huwa makali kwa mama. Yesu alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, alisema si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3). Nyayo hizo hunyooshwa kwa plasta za hospitali, na huwa rahisi zaidi matibabu yakianza wiki za kwanza.

Utosi mdogo wa kisogoni hufunga ndani ya miezi miwili mitatu. Ule wa mbele hufunga kati ya miezi 12 na 18, na wengine hufikisha miaka miwili. Ukibonyea, hasa mtoto akiwa anaharisha au kutapika, amepungukiwa maji. Ukivimba naye ametulia, halii, tena ana homa, hiyo ni hatari ya ubongo. Kote kuwili, dawa ya kubandika utosini haifiki kwenye ugonjwa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, mnyonyesheni njiani, na mwambieni daktari mliuona lini kwa mara ya kwanza.