Pingo si mkanda

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya kosta, natoka Makumbusho kurudi nyumbani Bagamoyo. Nyuma yangu walikaa vijana wawili wameinamia simu moja, wanatazama picha za rola kosta la kizamani, lile ambalo reli yake hupanda, ikajipinda, ikazunguka na kuwaweka watu kichwa chini miguu juu. Mmoja akasema, "Unauona ule mkanda wa mabegani? Ule ndio unaowashika. Ukikatika tu, wote chini." Mwenzake akaitikia, "Mkanda ule, kaka, acha kabisa."

Nikageuka nikawaambia, "Wanangu, ule si mkanda." Wakaniamkia kwa adabu, shikamoo mama, marahaba, nami nikawa nataka kuendelea, lakini tulikuwa tumefika Mapinga na konda akapaza sauti: "Trafiki mbele, abiria fungeni mikanda!" Gari zima likaanza kupapasa chini ya viti. Wangu ulikuwa umebanwa kati ya siti na bodi. Nikauvuta taratibu, nikaunyoosha mikunjo, nikajifunga. Ule ulikuwa mkanda kweli. Nikakaa nauangalia pale kifuani, na yote niliyotaka kuwaambia wale vijana yakanijia.

Maana yenyewe ni fupi. Rola kosta ni treni ya kuchezea inayovutwa na mnyororo hadi kileleni, kisha ikaachiwa ishuke kwa uzito wake bila injini. Hiyo "kosta" si lile gari letu la Makumbusho. Kwa Kiingereza ni kitu kinachoteremka chenyewe bila kusukumwa. Abiria huzuiwa kitini kwa kimojawapo cha vitu viwili, au vyote pamoja: mkanda, yaani utepe wa kufuma, au pingo, yaani bomba la chuma lililovikwa mpira au sponji. Kuna pingo la mapajani, linaloshuka juu ya mapaja, na pingo la mabegani, linaloteremka kutoka nyuma ya kichwa, likapita pande mbili za shingo na kutua kifuani. Hayo tu. Kinachonisumbua ni kuona pingo likiitwa mkanda, na kwa jina hilo moja watu wakaelewa vibaya mashine nzima.

Neno mkanda limezaliwa na ukanda, na ukanda kwa wazee wetu ulikuwa kipande chembamba kirefu cha ngozi, cha kufungia mzigo au kujifunga kiunoni. Kila mahali neno hili lilipohamia, lilikwenda na sifa zake zote: wembamba, urefu, na kukubali kupindwa. Ukanda wa pwani ni mwembamba na mrefu. Mkanda wa picha ulikuwa ukizungushwa kwenye gurudumu lake. Hata ule ugonjwa wa malengelenge unaomzunguka mtu ubavuni tunauita mkanda wa jeshi kwa sababu umepita mwilini kama mkanda unavyopita. Hakuna mkanda mgumu. Kitu kikishakataa kukunjwa, Kiswahili hukitafutia jina jingine.

Na jina hilo tunalo. Bibi yangu alikuwa na nyumba Mji Mkongwe, yenye mlango wa mbao nzito wa mabawa mawili. Jioni, baada ya Isha, alikuwa akichukua kipande cha mti kirefu kama mkono wangu, kilichong'aa kwa kushikwashikwa, akakipitisha nyuma ya mlango kutoka upande huu hadi upande huu. Hilo lilikuwa pingo. Nilikuwa nikiusukuma mlango kwa kucheza nione kama utafunguka. Ulikuwa unasogea kidogo, upana wa kidole, halafu unagonga: ko! Upana ule wa kidole ni nafasi iliyobaki kati ya mlango na mti, na mlio ule ni mlango ukikutana na kitu kisichomfuata mtu anakokwenda.

Pingo linatokana na kupinga, kuweka kitu kikingame njia ya kitu kingine. Humo humo ndimo lilimotoka pingamizi, na ndimo zilimotoka pingu, za polisi na zile za maisha. Ndugu yake wa karibu ni komeo, nalo linatokana na kukoma: ukifika hapa, basi. Ukiyaweka maneno haya mawili pamoja na mkanda unaona tofauti ambayo lugha iliijua kabla ya mainjinia. Mkanda hukufunga, nao huenda na wewe. Pingo halikufungi. Linakaa mahali pake, na wewe ndiye unayelifuata ukaligonga.

Bibi alikuwa pia akifunga kibwebwe siku za shughuli, kanga imekazwa kiunoni, na akiinama nayo inainama, akinyanyua sufuria la pilau nayo inapanda. Mkanda wa gari ni jamaa wa kibwebwe. Ule wa kupita begani na kiunoni aliubuni Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na uzuri wake ni kwamba umelazwa juu ya mwili na hauna nafasi ya kukugonga. Gari likisimama ghafla unakaza, unavutika kidogo, na unausambaza ule mvuto kwenye mifupa ya bega, kifua na nyonga. Jaribuni kufikiri kama mahali pake pangewekwa bomba.

Sasa rudini kwenye rola kosta la zamani. Mwaka 1975 kampuni ya Arrow ya Marekani ilifungua Corkscrew katika bustani ya michezo ya Knott's Berry Farm, California, reli iliyojisokota kama parafujo, na abiria wake walikaa chini ya pingo la mabegani. Waholanzi wa Vekoma walianza kwa kutengeneza reli za mtindo wa Arrow, na kuanzia mwaka 1984 wakatawanya duniani aina yao ya Boomerang, ile inayokwenda mbele, ikapinduka, kisha ikarudi njia ile ile kinyumenyume. Nilipanda moja ya namna hiyo ugenini, miaka mingi iliyopita. Pingo likashuka kwa meno, ka-ka-ka, na meno yale yana kawaida yake: yanakubali kushuka tu, hayapandi mpaka mwendeshaji afungue. Mwili wangu ukaangukia katikati ya jino na jino. Juu palikuwa palegevu, chini pananibana kifua. Nikachagua ulegevu, kama wengi wachaguavyo.

Kwenye kona ya kwanza sikio langu la kushoto likagonga pingo. Kwenye ya pili, la kulia. Hereni ilinichoma shingoni, na pini ya mtandio ikanikwaruza chini ya kidevu. Niliposhuka kichwa kilikuwa kinavuma na masikio yanawaka, na mhudumu mmoja akaniambia nilipaswa kulivuta zaidi lile pingo. Yeye naye alidhani ni mkanda. Mkanda ukiuvuta, unakaa mwilini. Pingo ukilivuta linazidi kukubana kifuani, huku pale masikioni nafasi imebaki ile ile, kwa kuwa bomba limeshapindwa kiwandani na halijui kichwa chako kina upana gani.

Kwa nini kichwa kiyumbe hivyo? Hapa lawama si ya pingo peke yake. Reli nyingi za miaka ile zilichorwa na kukunjwa kabla kompyuta hazijashika kazi hiyo, na maungio ya kutoka mnyooko kuingia kona yalikuwa ya ghafla. Tena zilipojipinda, zilizunguka kwenye reli yenyewe, yaani kule chini kwenye miguu ya abiria. Nendeni forodhani mkalitazame jahazi likipigwa na wimbi la ubavuni: sitaha inasogea kidogo, lakini ncha ya mlingoti inafagia anga. Abiria wa rola kosta la zamani kichwa chake ndicho ncha ya mlingoti. Siku hizi wachoraji huizungusha reli kwa kuufuata moyo wa abiria, kifua kikatulia na miguu ndiyo ikafanya kazi ya kuzunguka. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Ukikibwaga huku na huku katikati ya mabomba mawili, hata yawe yamevikwa sponji, kitagonga kama ule mlango wa bibi.

Limebaki lile neno la yule kijana, kwamba ukikatika wote chini. Hili nalisema kwa upole kwa sababu nami niliwahi kuliamini. Watu hawashikwi na pingo pale juu ya kitanzi cha reli. Chukua ndoo ndogo, weka maji nusu, izungushe kwa mkono ulionyooka, juu na chini, mzunguko mmoja kwa sekunde moja. Maji hayamwagiki, na ndoo haina mkanda wala pingo. Maji yanataka kwenda mbele moja kwa moja, kitako cha ndoo kinayakatiza njia na kuyageuza, kwa hiyo yamegandamia kitako. Abiria naye anagandamia kiti chake. Treni ikipita pale juu kwa kasi inayotosha, uzito anaousikia uko makalioni, hauko mabegani.

Kasi hiyo ndiyo iliyowatesa watangulizi. Mwaka 1895 huko Coney Island, New York, palijengwa Flip Flap, kitanzi cha duara kamili chenye upana wa kama mita 7 na nusu, na kikajulikana kwa kuumiza shingo. Hesabu ya duara ni kali: ili treni ipite juu bila kuachana na reli, pale chini inapoingia abiria atalemewa na mara 6 ya uzito wake, duara liwe dogo au kubwa. Mtu wa kilo 60 anajisikia kama ana kilo 360, na kile kichwa cha kilo 5 kinakuwa kama cha kilo 30 juu ya shingo ile ile. Hapo umkaze kwa mkanda, umkaze kwa pingo, hujamsaidia kitu. Dawa ilikuwa kubadili umbo la kitanzi. Anton Schwarzkopf wa Ujerumani na mhandisi Werner Stengel walichora kitanzi chenye umbo la tone la maji lililopinduliwa, mpindo wake mpana chini, mdogo juu, na mwaka 1976 wakakifungua katika rola kosta liitwalo Revolution, kwenye bustani ya Magic Mountain, California.

Na hapa ndipo ningependa wale vijana wangenisikiliza. Revolution ilianza na pingo la mapajani tu. Watu walipinduka kichwa chini na mabega yao wazi, wakarudi salama. Baadaye wenye bustani wakaongeza mapingo ya mabegani, na mgeni akitazama kwa mbali angesema wamezidisha usalama. Waliopanda wakaanza kulalamika kuwa wanagongwa vichwa, katika reli ile ile iliyokuwa ikisifiwa kwa ulaini. Mwaka 2016 mapingo ya mabegani yakaondolewa, ya mapajani yakarudi, na kitanzi ni kile kile. Mtu anayeuita ule mzigo wa mabegani "mkanda" hawezi kukielewa kisa hiki, maana kwake mkanda ukiongezwa ni heri imeongezwa.

Sisemi pingo halina kazi. Treni inapovuka kilele cha kilima kwa kasi, mwili unataka kuendelea kupanda wakati kiti kinashuka, na hapo pingo la mapajani ndilo linalokurudisha. Kwenye misokoto ya polepole, ambako kasi haitoshi kukugandamiza, mwili unaning'inia kweli, na pingo linaubeba. Treni ikikwama mahali pabaya, vilevile. Basi lina mahali pake, kama pingo la mlango lilivyo na saa yake ya usiku.

Tulipofika stendi Bagamoyo, wale vijana walinisubiri nishuke. Yule aliyekuwa na simu akasema, "Mama, umesema si mkanda. Sasa ni nini?" Nikamwambia ni pingo, pingo la mabegani, kama la mlango. Akalirudia neno mara mbili, akasema kwao Kiromo babu yake huliita hivyo hivyo la zizini. Nikamwomba aikuze ile picha, pale chini, katikati ya mapaja ya abiria. Palikuwa na utepe mweusi mfupi, umetoka kwenye kiti ukashikizwa kwenye ncha ya pingo. Kazi yake ni ya akiba: komeo la ndani likilegea, utepe ule unalizuia pingo lisipande.

"Huo," nikamwambia, "huo mdogo ndio mkanda."