Dafnia, makonyo na bahari: namna tunavyopima sumu ya maji taka ya viwandani

Mtu akiniletea chupa ya maji yaliyotoka kiwandani na kutaka kujua kama yana sumu, karatasi ya vipimo vya kemia peke yake hainitoshi kumjibu. Karatasi hiyo itaonyesha pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi majini), amonia, chumvi na kiasi cha oksijeni kinachotumika kuozesha taka kwa siku 5 katika nyuzi 20 za Selsiasi, na itaonyesha shaba au zinki ikiwa yupo aliyelipia vipimo hivyo. Lakini maji ya kiwanda hubeba kemikali nyingi ambazo hakuna aliyeziulizia, na zimo ambazo kila moja kwa kiasi chake haidhuru, ila zikikutana huua. Ndiyo maana kazi yangu kubwa ni kuwaweka wanyama wadogo wa majini ndani ya maji yenyewe na kuangalia kinachowapata.

Ninayemtumia zaidi ni dafnia, mdudu wa maji yasiyo chumvi, wa jamaa moja na kaa na kamba. Mkubwa wake hufika milimita 5, na mtoto aliyezaliwa leo huwa kama milimita 1. Mwili wake unaona ndani: chini ya darubini ndogo utauona moyo ukipiga na utumbo ukiwa kijani kwa mwani aliokula. Penye chakula na nafasi ya kutosha, majike huzaa bila ya dume, na watoto hufanana na mama zao kwa urithi, jambo linalopunguza tofauti kati ya mnyama na mnyama. Wakibanana au wakikosa chakula huanza kutoa madume na mayai ya kulala yenye ganda jeusi. Nikiyaona hayo kwenye mtungi wa kufugia, watoto wa mtungi huo siwatumii kwa jaribio lolote.

Jaribio lenyewe hufuata mwongozo namba 202 wa OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, toleo la mwaka 2004. Huchukuliwa watoto wenye umri usiozidi saa 24, wakawekwa 20 kwa kila kiwango, kwa kawaida watano watano katika vikombe vinne. Maji taka huchanganywa na maji safi kwa hatua, kwa mfano asilimia 6.25, 12.5, 25, 50 na 100. Kuwahamisha ni kazi ya mkono mtulivu. Mdomo wa pipeti, ule mrija wa kunyonyea, uwe mpana, na mnyama aachiwe chini ya uso wa maji, kwani akinasa hewa ndani ya gamba lake huelea juu asiweze kushuka, na msomaji asiye mzoefu atamhesabu kuwa ni majeruhi wa sumu. Hawalishwi. Baada ya saa 24, na tena baada ya saa 48, kila kikombe hutikiswa taratibu, na dafnia asiyeogelea ndani ya sekunde 15 huhesabiwa kuwa ameshindwa kujongea, hata kama vipapasio vyake bado vinacheza.

Kabla sijatazama vikombe vya maji taka, natazama vile vya maji safi. Humo walioshindwa wakizidi asilimia 10, jaribio zima halifai, na halina budi kurudiwa hata kama mwenye kiwanda anangojea majibu mlangoni. Oksijeni nayo isiwe chini ya miligramu 3 kwa lita hadi mwisho, kwa sababu maji yenye taka nyingi za kuoza huimaliza oksijeni, na mnyama hufa kwa kukosa pumzi. Hiyo pia ni habari ya kumweleza mwenye maji, lakini si habari ya sumu. Kila baada ya muda tunawapima wanyama wetu wenyewe kwa potasiamu dikromati, sumu ambayo nguvu yake inajulikana: kiwango kinachowashinda nusu yao kwa saa 24 kinatakiwa kiwe kati ya miligramu 0.6 na 2.1 kwa lita. Wakiwa wagumu kuliko hapo au wepesi kuliko hapo, tatizo liko kwetu maabara.

Majibu hutolewa kwa kiwango hicho kinachowashinda nusu. Tuseme ni asilimia 25 ya maji taka. Ukigawa 100 kwa 25 unapata vipande 4 vya sumu, maana yake ni kwamba maji hayo hata yakizimuliwa mara nne bado yanawaangusha nusu ya wanyama. Naipenda hesabu hii kwa sababu diwani, mvuvi na meneja wote wanaifahamu bila ya kufundishwa kemia.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi wa visiwani kuliko wengine. Makonyo ya karafuu, yaani vijiti vinavyoshika maua yake, yakipikwa kwa mvuke hutoa mafuta, na sehemu kubwa kabisa ya mafuta hayo ni yujenoli. Yujenoli haiyeyuki sana majini, lakini huyeyuka kiasi, kwa hiyo maji yanayobaki baada ya mafuta kuenguliwa huondoka na harufu yake na nguvu yake. Mafuta haya haya ya karafuu hutumiwa na wafugaji wa samaki kuwalaza samaki kabla ya kuwapima au kuwatia alama. Basi dafnia akisimama kimya ndani ya maji ya namna hii, amekufa au amelala? Mwongozo unahesabu kutojongea tu, na kwa maji mengi hilo linatosha, ila kwa maji ya karafuu mimi huongeza hatua moja: waliosimama nawahamishia katika maji safi na kuwatazama tena. Wakiamka, naandika hivyo kwenye ripoti. Sisemi kwamba usingizi huo ni salama, kwani mnyama aliyelala baharini huliwa au huchukuliwa na mkondo, lakini dawa ya maji yanayolaza si lazima iwe dawa ya maji yanayoua. Meneja mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, hii ni karafuu, watu wanatafuna." Nilimjibu kuwa ni kweli, wanatafuna, lakini hawapumui ndani yake usiku na mchana.

Maji hayo yanahitaji pia chupa iliyojaa hadi mdomoni, isiyoachiwa hewa juu, ikae kwenye barafu tangu inapochotwa. Chupa iliyoshinda juani kwenye boti kutoka Mkoani hadi Unguja haitatueleza tena yaliyokuwa yakitoka kwenye bomba.

Jambo la pili ni joto letu. Amonia majini ina sura mbili, na inayoumiza hasa ni ile isiyo na chaji ya umeme. Katika pH 8 na nyuzi 20, sura hiyo ni karibu asilimia 4 ya amonia yote. Katika nyuzi 28 hufika asilimia 6 na nusu hivi, na kwenye pH 7 haifiki hata asilimia 1. Maabara hupima kati ya nyuzi 18 na 22, ilhali maji yetu ya pwani ni ya moto zaidi, na pH ya bahari huwa juu kidogo ya 8. Kwa hiyo maji taka yenye amonia yanaweza kupita maabara na kudhuru ufukweni. Kila penye amonia ya kutajika naifanya hesabu hiyo na kuiandika, wala simwachii msomaji wa ripoti aikisie.

Na kwa kuwa maji taka yetu mengi mwisho wake ni bahari, dafnia peke yake hatoshi. Yuko Atemia, mdudu mdogo wa maji ya chumvi wa jamaa moja na dafnia, ambaye mayai yake makavu huuzwa kwenye makopo na huanguliwa kwa siku moja au moja na nusu katika maji ya chumvi. Ni rahisi, lakini ni mnyama sugu mno, hivyo Atemia kubaki hai hakunipi ruhusa ya kusema maji ni salama. Afadhali zaidi ni mbegu na mayai ya yule mnyama wa miiba anayechoma miguu ya wapitao mwambani: mbegu huwekwa ndani ya maji yanayopimwa, kisha hupewa mayai, na tunahesabu mangapi yamerutubika. Sumu ndogo tu huonekana hapo. Kwa ghuba zenye mashamba ya mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara hapa mwaka 1989, ningependa vibali vya kumwaga maji vidai kiumbe wa bahari pamoja na dafnia.

Sumu ikipatikana, kazi ndiyo kwanza huanza. Maji yale yale hugawanywa: sehemu moja hupulizwa hewa, nyingine huchujwa, nyingine hutiwa thaiosulfati ya sodiamu inayoua nguvu ya klorini, nyingine hubadilishwa pH, kisha zote hupimwa upya kwa wanyama. Sumu ikiondoka kwenye sehemu ya thaiosulfati, mkosaji wa kushukiwa kwanza ni klorini, na ikithibitika kiwanda kitapunguza klorini hiyo kabla ya kufikiria mtambo mpya. Ikiondoka kwa kupulizwa hewa, bwawa lenye pampu linaweza kutosha, na sampuli inayofuata huchotwa kwenye mdomo wa bwawa hilo, pale maji yanapokiacha kiwanja.