Toba ni nini hasa katika mafundisho ya Kikristo

Neno toba limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Agano la Kale, kwa Kiebrania, hutumia shuv, kitenzi cha msafiri anayegeuza njia na kurudi alikotoka. Agano Jipya, kwa Kigiriki, hutumia metanoia, yaani kugeuka kwa nia. Machozi yanaweza kuandamana na kurudi huko, ila kulia na kutubu ni mambo mawili.

Ndiyo maana mafundisho hutenga majuto na toba. Yuda alijuta sana: alirudisha vile vipande 30 vya fedha na kukiri kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Lakini aliwaendea makuhani wakuu, nao wakamwambia hayo yanamhusu mwenyewe. Kutoka hapo akaenda kujinyonga. Petro naye alimkana Bwana mara tatu, akalia kwa uchungu, ila alibaki na wenzake, na kando ya bahari ya Tiberia akaulizwa mara tatu kama anampenda Yesu. Paulo anaieleza tofauti hiyo katika 2 Wakorintho 7:10: ipo huzuni ya kumrudia Mungu, na ipo huzuni ya dunia inayoishia mautini.

Toba huanza kwa kuitambua dhambi, kisha kuiungama. Hapa wengi hukwama kwa sababu huungama kijumla: "Nisamehe makosa yangu yote." Mambo ya Walawi 5:5 inamtaka mkosaji aliungame jambo lenyewe alilolikosa. Kwa hiyo taja tendo: nilichukua fedha za kikundi, nilimsingizia jirani. Maneno kama "kama nimekukosea, nisamehe" hayajaungama chochote, kwa kuwa ile "kama" inamwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kosa. Mungu ndiye wa kwanza kuungamiwa. Aliyekosewa naye huendewa, na Mathayo 5:23-24 inasema sadaka iachwe mbele ya madhabahu mpaka upatane na ndugu yako. Ungama lililo lako, usitangaze siri za mtu mlioshirikiana naye katika dhambi.

Kisha kuna kurejesha, sehemu ambayo mahubiri mengi huipita haraka. Hesabu 5:7 inaamuru kilichochukuliwa kirudishwe chote na kuongezwa sehemu ya tano: aliyedhulumu shilingi 100,000 alipe 120,000. Mwenyewe akiwa hayupo tena, na hana jamaa wa karibu wa kupokea, mstari unaofuata unasema malipo yaende kwa kuhani. Kwa hiyo kufa kwa mdai hakukufuta deni. Kutoka 22:1 ilidai kondoo wanne kwa mmoja aliyeibwa na kuchinjwa au kuuzwa. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, alipoahidi kurudisha mara nne alikuwa anajipimia kwa kipimo hicho cha mwizi, tena baada ya kutoa nusu ya mali yake kwa maskini. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, hadi Uganda, Kenya na Tanganyika ulijulikana kwa jambo hili: waliookoka walikwenda kurudisha walivyoiba. Msamaha wa Mungu hauondoi haki ya uliyemdhulumu, na anayetumia damu ya Yesu kama sababu ya kutolipa deni hajaielewa toba.

Hata hivyo kurejesha hakununui msamaha. Katika mfano wa Yesu, mwana mpotevu alikuwa amejiandalia hotuba yenye ombi la kufanywa kama mmoja wa watumishi, lakini baba alimkimbilia akiwa bado mbali, na sentensi hiyo ya mwisho hakuwahi kuisema. Warumi 2:4 inasema wema wa Mungu ndio unaomvuta mtu kutubu.

Makanisa yanatofautiana katika namna. Wakatoliki wana sakramenti ya kitubio: majuto, maungamo kwa padri, malipizi, na maondoleo yatolewayo na padri, ambaye haruhusiwi kamwe kufichua alichosikia. Tangu Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nne wa Laterani, 1215, mwamini anatakiwa kuungama walau mara moja kwa mwaka. Martin Luther, mwanzilishi wa mageuzi ya Kiprotestanti, katika hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517, alifundisha kwamba maisha yote ya mwamini ni toba. Makanisa ya kiroho huongoza sala ya toba, dakika chache za kufuatisha maneno ya mhubiri. Sala hiyo ni mlango mzuri. Kosa ni kuihesabu kuwa safari yote, kisha Jumatatu mtu anarudi kwenye mizani ile ile iliyochezewa.

Na anayeanguka tena? Luka 17:4 inaagiza tumsamehe ndugu anayekosa mara saba kwa siku na kurudi mara saba akisema, "Natubu." Kurudia kosa peke yake hakuthibitishi kwamba toba ilikuwa ya uongo. Kinachoibatilisha ni kuungama huku umeshapanga kurudia. Mwenye shida ya pombe aliyeungama kwa moyo, akabadili njia ya kurudi nyumbani ili asipite kilabuni, kisha akateleza baada ya mwezi, ametubu, na atatubu tena.