Manju hateremshiwi wimbo usingizini

Ukikaa Mwanza ukasema unafanya sanaa, swali la kwanza ni "Kumbe una kipaji?" La pili: "Na kazi unafanya wapi?" Yote mawili yana mzizi mmoja, kwamba sanaa humshukia mtu tu, kama mvua ya vuli. Zipo na dhana nyingine potofu kuhusu sanaa yetu.

Dhana: Ngoma ya Kisukuma hushinda kwa dawa.

Nenda Bujora, pale Kisesa njia ya Musoma, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la mwezi Juni. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanacheza saa ileile, kila kundi upande wake, na anayezungukwa na watu wengi zaidi ndiye mshindi. Ndiyo maana uwanja ukihama ghafla utasikia, "Hao wameweka dawa!" Dawa ipo, wala haifichwi. Walioanzisha vyama hivyo karne ya 19 walikuwa waganga na ushindani wao ulianzia hapohapo.

Ila mtu hageuzi mgongo akakimbilia ng'ambo bila kusikia kitu. Jioni moja nilikaa nyuma ya kundi lililokuwa mazoezini. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, au ningi kama Wasukuma wanavyomwita, alitupa mstari, waitikiaji wakachelewa. Akaukata maneno mawili, akarudia. Bado. Mwishowe akambadilisha mtu aliyekuwa akimsema wimboni, akaweka mwenye jina fupi, na ngoma ikakaa. Mwenye jina refu akapona matusi kwa sababu ya mapigo tu.

Hata majembe yanayorushwa kwenye ngoma ya bugobogobo hayakubuniwa kwa ajili ya watalii. Ngoma hiyo ilizaliwa shambani, watu wakilima pamoja kwa mdundo mmoja.

Dhana: Tingatinga ni michoro ya mababu.

Labda mababu wa juzi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Akafariki 1972. Bibi yangu anaizidi sanaa hiyo umri.

Dhana: Kitereza alirefusha riwaya bila sababu.

Hii inaniudhi kuliko zote. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Nani angechapa kitabu kinene namna ile kwa lugha ya kisiwa kimoja? Uzeeni akakaa chini akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Ilitoka 1980, yeye akafariki 1981.

Wasomaji hufuata habari za mume na mke waliokosa mtoto, halafu hulalamika kwamba mwandishi anasimamisha hadithi ili aeleze uvuvi, tiba, adabu za ukweni. Lakini alichotaka kukiokoa ni hicho hasa: mila za Wakerewe na lugha yao, alizoziona zikififia machoni pake. Ndoa ile ni mtumbwi, mzigo ni mila.

Mimi pia niliruka kurasa za pombe ya ndizi, ile ambayo Myombekere alitozwa na wakwe ili arudishiwe mkewe. Miaka baadaye nilikuwa na kitabu hicho Nansio, hukohuko Ukerewe, na mzee aliyenikaribisha akaniomba nimsomee, macho yake hayaoni vizuri. Tulipofika kwenye pombe akaweka kikombe chake cha chai chini. Akaniambia, "Hapo rudia, mjukuu wangu, polepole."